Ndoo zilipita bila ushuru, kandambili zikalipa: jumuiya ya kiuchumi na mkataba wa biashara huria si kitu kimoja (uzi wa watu wa Mtwara na Lindi)

Wakala wa Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wa 17 nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Mtwara, na kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Si wote tuko SADC? Mbona nimelipishwa?" (SADC ni Jumuiya ya Maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika.) Juzi nimeulizwa tena na mama mmoja wa Chikongola, machozi yakimlengalenga. Nikaona niandike hapa kwa kirefu, maana wengi wanapoteza hela kwa kutojua kitu ambacho kinaelezeka kwa dakika ishirini.

Mama huyu alivuka kwenda Msumbiji na mizigo ya aina mbili, kupitia Kilambo, kwenye kivuko cha mto Ruvuma. Ndoo za plastiki za lita 20, dazeni kumi, na viroba vinne vya kandambili. Vyote kanunua Kariakoo, duka moja, siku moja, risiti moja. Kivuko kilikuwa kinasubiri maji yajae, kwa hiyo alikaa pale kwenye mchanga toka asubuhi akijua kabisa kwamba karatasi zake zimekamilika.

Ng'ambo, ndoo zilipita bila ushuru wa forodha. Zimetengenezwa kiwandani Dar na zilikuwa na cheti cha uasilia cha SADC. Kandambili akaambiwa alipe. Akasema nazo zimetoka Tanzania, risiti hii hapa. Yule afisa hakubishana naye. Alichukua jozi moja, akaigeuza, akampa aisome mwenyewe. Kwenye unyayo, pembeni kidogo, kuna herufi ndogo zimechongwa kwenye mpira zikitaja nchi ya Asia zilikotengenezwa. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba ni mali ya kiwanda cha hapahapa.

Sasa nieleze.

Chukua kaya tano za kijiji kimoja. Kila kaya ina uzio wake wa makuti, mwingine mrefu, mwingine mfupi, mwingine umeoza. Wenyewe wakakubaliana: tutoboe vijilango kati yetu, mtoto wa kaya hii apite kwenda kaya ile bila kuulizwa. Lakini uzio wa nje kila mtu abaki na wake, na ni yeye anayeamua mgeni aingie vipi. Huo ndio mkataba wa biashara huria. SADC kwa upande wa biashara iko hivyo, toka eneo lake huru lilipozinduliwa Agosti 2008.

Kaya nyingine tano zikasema: tubomoe nyua zote za katikati, tujenge uzio mmoja mkubwa unaotuzunguka wote, urefu mmoja, na mgeni akiingia anatozwa kiwango kilekile popote alipopitia. Huo unaitwa umoja wa forodha, na ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ilivyojifunga toka Januari 2005. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa EAC ulianza na ngazi tatu: malighafi sifuri, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Julai 2022 ikaongezwa ya nne, asilimia 35. Bidhaa nyeti zina kiwango chake cha juu zaidi. Sukari ni asilimia 100.

Rudi kwenye kaya za vijilango. Mgeni mjanja akiona uzio wako ni mrefu, anafanyaje? Anaruka uzio mfupi wa jirani, kisha anapita kwenye kijilango kuja kwako, kama mtoto wa nyumbani. Msumbiji kiwango cha juu cha kawaida cha ushuru ni asilimia 20. Sisi tuna 25, na vingine 35. Mzigo wa kutoka nje ya Afrika ungeshushwa Pemba au Nacala, bandari za Msumbiji, ukalipa kidogo kule, halafu ukavushwa Ruvuma kuja Masasi bila kulipa tena. Na kinyume chake hivyohivyo: kuna bidhaa ambazo uzio wao ndio mrefu kuliko wetu.

Ndiyo maana kwenye kila kijilango amesimama mtu anayeuliza, "Wewe ni mtoto wa nyumba gani?" Cheti cha uasilia wa bidhaa ndilo jibu la swali hilo. Kwenye biashara huria, duka ulilonunulia halihesabiki, wala risiti, wala namba za gari. Kinachohesabiki ni mahali kitu kilipozaliwa. Kandambili za yule mama ni mgeni aliyelala Kariakoo usiku mmoja.

Nitaendelea kesho. Karibuni mniulize au mnikosoe.

---

Dogo wa Sabasaba

Mkuu asante sana. Nimesoma biashara kidato cha sita na sikuwahi kuelewa "kanuni za uasilia" zina kazi gani. Mwalimu alitukaririsha tu.

---

Mama Ndoo

Ni mimi huyo mama wa Chikongola. Kaka Wakala ameniomba ruhusa kabla ya kuandika, nikamwambia aandike tu. Nilichokipoteza ni faida ya safari nzima pamoja na nauli. Swali langu: yule muuzaji kama angenipa cheti cha SADC cha zile kandambili, ningepita?

---

Wakala wa Shangani

Dada yangu, asingekipata. Cheti cha SADC hapa kwetu kinatolewa na TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo), na wanataka mtengenezaji aonyeshe alivyokitengeneza. Angekupa cha kughushi, na hapo ungekuwa na kesi ya udanganyifu badala ya ushuru. Bora ulivyolipa.

Na jambo moja nililisahau jana, liwafikie wote: cheti kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani ya kule, wanaiita IVA, inabaki palepale, na gharama za huduma zinabaki. Wengi wanaona wametozwa wanadhani cheti kimekataliwa. Soma karatasi ya malipo mstari kwa mstari.

---

Mwalimu Nachingwea

Mleta uzi ameeleza vizuri mno, na mfano wa nyua nitauingiza darasani Jumatatu. Naomba nirekebishe sehemu moja, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu wanapoanguka kwenye mtihani.

Ukisema "jumuiya" kisha ukasema "mkataba wa biashara huria", hulinganishi vitu viwili vinavyopingana. Jumuiya ya kikanda ni muungano wa nchi wenye ofisi, katibu mkuu, mikutano ya marais, mara nyingine mahakama na bunge. Mkataba wa biashara huria ni makubaliano: nchi mbili au zaidi zinafutiana ushuru kwa sehemu kubwa ya bidhaa zao, basi. Jumuiya inaweza kuwa ndani yake na mkataba wa biashara huria tu, kama SADC. Inaweza kuwa imefika umoja wa forodha na soko la pamoja, kama EAC, ambayo soko lake la pamoja lilianza Julai 2010. Na kuna mikataba ya biashara huria isiyo na jumuiya yoyote nyuma yake. Marekani, Kanada na Meksiko walikuwa na NAFTA toka 1994, wakaibadilisha 2020, na hata siku moja hawakuwa na uzio mmoja wala bunge moja.

Sheria za biashara ya dunia zenyewe zinazitenganisha. Kifungu cha 24 cha mkataba wa GATT wa mwaka 1947 kinaruhusu vyote viwili, eneo huru la biashara na umoja wa forodha, kama ruhusa maalumu. Kanuni kuu ni kwamba unafuu unaompa mmoja uwape wote. Atakayetaka kuwabagua wengine kwa kuwapendelea majirani zake lazima apite kwenye mlango huo wa kifungu cha 24, au ule unafuu wa mwaka 1979 kwa nchi zinazoendelea.

Tofauti ya uzito ni hii. Mkataba ukiuvunja, unajadiliana na mwenzako. Kwenye jumuiya iliyokomaa, mwananchi wa kawaida anaweza kuishitaki serikali yake. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha na inapokea kesi za watu binafsi. SADC nayo ilikuwa na mahakama yake Windhoek. Ilipotoa hukumu dhidi ya Zimbabwe kuhusu mashamba, marais waliisimamisha mwaka 2010 na miaka miwili baadaye wakaamua mahakama mpya isipokee kesi za watu binafsi. Mama Ndoo hana pa kwenda kushitaki kwa SADC. Hilo linaniuma kuliko suala lote la ushuru.

---

Dereva wa Mueda

Naendesha fuso kwenda Mueda na Pemba, Msumbiji, kupitia mpaka wa Mtambaswala. Mwalimu ameongelea vitabu, mimi niongelee barabara.

Daraja la Umoja pale, juu ya Ruvuma, lina mita 720. Nyerere na Samora walilitaka toka 1975, likafunguliwa 2010. Siku nilipolivuka mara ya kwanza nilisimamisha gari katikati nikashuka, nikautazama mto. Babu yangu aliuvuka kwa mtumbwi. Shangazi zangu wako ng'ambo, tunaongea Kimakonde kimoja, tunazikana. Halafu kibiashara mtu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambaye sijawahi kumwona na sijui anakula nini, yuko ndani ya uzio mmoja na mimi, na shangazi yangu yuko nje anachunguliwa kwenye kijilango.

Mimi siilaumu EAC. Nasema tu kwamba ramani za hizi jumuiya zilichorwa mbali na huku. Nenda Namanga, mpakani na Kenya, uone: maofisa wa nchi mbili wako jengo moja, unagongewa mihuri yote hapohapo. Huku kwetu unamaliza upande mmoja, unavuka, unaanza upya, na lugha imebadilika kuwa Kireno.

---

Wakala wa Shangani

Dereva, umesema jambo ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Msumbiji haiko EAC. Kwenye COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) wao walijitoa mwaka 1997, na sisi tukajitoa mwaka 2000. Jumuiya ya biashara iliyobaki kati ya Mtwara na Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji tunaopakana nao, ni SADC. Kwa hiyo sisi wa kusini ni miongoni mwa Watanzania ambao mpaka wetu unaendeshwa kwa sheria za biashara huria, wakati redio na semina zinazungumzia za umoja wa forodha. Mtu anahudhuria semina ya EAC pale mjini, anaambiwa mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi unachojaza mpakani. Anashika maelezo hayo, anakwenda nayo Kilambo. Hayamfai kitu. Yanamhusu wa Namanga, Sirari na Mutukula, mipakani na Kenya na Uganda.

---

Mkulima wa Nanyumbu

Naomba nichangie kuhusu mbaazi, maana hapo ndipo nilipojifunza maana ya mkataba bila kusoma.

Agosti 2017 India ilizuia mbaazi. Ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kutoka dunia nzima. Mwaka ule nilikuwa nimelima zaidi kwa sababu msimu wa nyuma bei ilikuwa nzuri. Magunia yalirundikana sebuleni mpaka watoto wakawa wanalala juu yake. Mnunuzi aliyekuja alitaja bei isiyolipa hata vibarua waliopura. Nilizikatalia, zikatobolewa na wadudu, mwisho nikawapa mbuzi.

Lakini ng'ambo ya mto mbaazi ziliendelea kwenda India. Msumbiji ilitia saini makubaliano na India Julai 2016, waziri mkuu wa India, Modi, alipofika Maputo: India itanunua kwao tani 100,000 mwaka wa kwanza, ipande hadi 200,000 kufikia 2020/21. Kile kikomo hakikuwagusa. Na ziara ileile, siku chache baadaye, Modi alifika Dar es Salaam. Sisi hatukupata karatasi kama ile. Mbaazi ni ileile, udongo ni uleule, mto ndio uliokuwa katikati.

Swali langu kwa wajuzi: Msumbiji waliweza kwa sababu hawako kwenye jumuiya kama EAC? Yaani sisi tulifungwa mikono na Arusha, makao ya EAC?

---

Mwalimu Nachingwea

Pole sana kaka. Jibu ni hapana, na ni muhimu liwe wazi ili lawama isimwangukie asiyestahili.

Yale ya Msumbiji na India hayakuwa mkataba wa biashara huria. Yalikuwa makubaliano ya ununuzi ya serikali kwa serikali: zao moja, kiasi fulani, miaka fulani. Umoja wa forodha unakuzuia kushusha uzio wako kwa mgeni peke yako. Haukuzuii kumwomba mgeni anunue mbaazi zako. Tanzania ingeweza kuomba karatasi ileile. Malawi nao walikuja kupata yao mwaka 2021, mwaka huohuo ambao India ililegeza uingizaji kwa wote.

Ambacho Tanzania haiwezi kufanya kirahisi ni kusema: India, leta pikipiki zako kwetu kwa ushuru sifuri, nasi mbaazi zetu ziingie kwako milele. Hapo unatoboa tundu kwenye uzio ambao si wako peke yako. Pikipiki ya India ikiingia Dar bure, kesho iko Nairobi. Kwa hiyo kwenye umoja wa forodha mnajadiliana na watu wa nje kwa kauli moja, au mkubaliane kwamba mmoja aende peke yake.

---

Binti Mikindani

Mwalimu, hapo kwenye "mmoja aende peke yake" sindiyo Kenya walivyofanya na Ulaya? Nilisikia kelele nyingi zikapotea.

---

Mwalimu Nachingwea

Ndiyo hasa. EAC ilimaliza mazungumzo na Umoja wa Ulaya mwaka 2014. Septemba 2016 Kenya na Rwanda wakatia saini, Tanzania ikakataa, na bila wote mkataba haukuweza kuanza. Wengi walisema tunaikomoa Kenya. Ukiangalia hesabu, kila nchi ilikuwa na sababu zake. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ni nchi maskini zaidi kwa orodha ya Umoja wa Mataifa, na toka 2001 Ulaya inazipa nchi za namna hiyo nafasi ya kuuza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Bila kudai chochote. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Bila mkataba, maua yake yangetozwa. Kwa hiyo Kenya ilikuwa inatetea ilichonacho, Tanzania haikuona cha kuongeza na iliona viwanda vyake vichanga vitamezwa.

Februari 2021 wakuu wa nchi wakaruhusu atakayetaka atangulie. Kenya ikasaini wa kwake Desemba 2023, ukaanza Julai 2024. Kenya iliahidi kufuta ushuru kwa bidhaa nyingi za Ulaya hatua kwa hatua ndani ya miaka 25. Sasa jiulize, Binti: bidhaa ya Ulaya ikishaingia Mombasa kwa sifuri, Tanzania inatoza asilimia 25, na kati yao hakuna uzio, inakuwaje? Inabidi mtu asimame tena Namanga na Holili kuuliza, "Wewe ni mtoto wa nyumba gani?" Umoja wa forodha unarudi kuwa eneo huru la biashara kwa mlango wa nyuma.

---

Mzee wa Forodhani

Nimestaafu, nilifanya kazi mipakani miaka mingi. Nawasoma kimya toka jana. Mmeeleza vizuri lakini msiuchore uzio wa EAC kana kwamba ni ukuta wa zege. Cheti cha uasilia kinadaiwa EAC mpaka leo. Kwa nadharia ya umoja wa forodha kingekuwa kimeshakufa: mzigo ukilipa ushuru langoni, umekuwa mwenyeji. Lakini kila Juni, wakati wa bajeti, kila nchi inaomba iachiwe viwango vyake kwa baadhi ya bidhaa kwa mwaka mmoja. Mchele kiwango cha pamoja ni asilimia 75, Kenya imekuwa ikiomba 35. Ukishakuwa na urefu tofauti wa uzio upande huu na ule, huna budi kuuliza mzigo umetoka wapi.

Na ushuru ukifutwa, watu hutafuta njia nyingine. Mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa kusema yana sumukuvu. Aprili 2025 sisi tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, tukijibu zuio lao kwa unga, mchele na ndizi zetu, kisha tukaondoa. Wa kwanza ni wa umoja wa forodha, hao wengine ni wa SADC. Mkulima aliyekuwa na lori la ndizi barabarani hakuona tofauti yoyote.

---

Wakala wa Shangani

Shikamoo Mzee. Nashukuru umepita hapa. Umenisahihisha na nimekubali.

Ila niseme ninachokiona mezani kwangu. Tofauti bado ipo na ni ya pesa. Mteja anayepeleka mzigo Nairobi akikwama, kuna kamati, kuna utaratibu wa kuripoti kikwazo, kuna Arusha, na jibu mara nyingine linapatikana ndani ya siku chache. Mteja wa Msumbiji akikwama, najaza malalamiko nasubiri. Mwaka jana nilikuwa na mzigo wa unga uliokaa siku tisa kwa sababu saini iliyokuwa kwenye cheti haikufanana na sampuli ya saini waliyokuwa nayo upande wa kupokea. Aliyesaini alikuwa mtu mpya, sampuli yake haikutumwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Unga ulianza kushika unyevu, mifuko ya chini ikawa migumu kama mawe. Mteja wangu alikuwa kijana wa Masasi, ndiyo ilikuwa biashara yake ya kwanza ya nje. Hajarudi tena kwenye biashara hiyo.

---

Dogo wa Sabasaba

Samahanini wakubwa, niulize la kitoto. AGOA nayo iko kundi gani? Na hii ya Afrika nzima?

---

Mwalimu Nachingwea

Si la kitoto hata kidogo.

AGOA haikuwa mkataba. Ni sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2000, wao wenyewe waliamua nani aingize nini bila ushuru. Ni zawadi ya upande mmoja, sawa na ile ya Ulaya niliyoitaja, na sawa na China iliyofuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi toka tarehe 1 Desemba 2024, ambayo wauza ufuta wa Lindi wanapaswa kuijua. Uzuri wake hudaiwi kufungua kwako. Ubaya wake mtoaji anaweza kuirudisha mfukoni. Rwanda ilisimamishiwa unafuu wa nguo mwaka 2018 baada ya kupandisha ushuru wa mitumba, na Uganda ikaondolewa AGOA Januari 2024. Hakukuwa na mahakama ya kukimbilia.

Ya Afrika nzima, AfCFTA, jina lake linajieleza: Eneo Huru la Biashara. Ilisainiwa Kigali Machi 2018, ikaanza kutumika Mei 2019, biashara chini yake ikafunguliwa Januari 2021, makao yake Accra. Ni vijilango kati ya kaya zaidi ya hamsini, kila moja na uzio wake. Kwa hiyo cheti cha uasilia ndio kwanza kinapata kazi kubwa zaidi. Anayedhani AfCFTA imefuta makaratasi atakwama Kilambo kama alivyokwama dada yetu.

Ukitaka mfano mmoja wa kuandika kwenye mtihani, andika Uingereza. Hadi mwisho wa 2020 ilikuwa ndani ya uzio mmoja na Umoja wa Ulaya, na lori la Uingereza liliingia Ufaransa kama linavyotoka Lindi kwenda Mtama. Januari 2021 walihamia kwenye mkataba wa biashara huria na walewale majirani zao, ushuru sifuri kwa bidhaa zinazokidhi masharti. Yakarudi matamko ya forodha, vyeti vya uasilia, ukaguzi wa nyama na samaki. Nchi ni zilezile, bandari ni zilezile, na ushuru ni uleule sifuri. Kilichobadilika ni uzio.

---

Dereva wa Mueda

Basi nauliza swali langu la mwisho. Msumbiji wakiingia EAC? Kongo wameingia 2022, Somalia 2024. Msumbiji ni jirani wa kweli kuliko Somalia.

---

Mzee wa Forodhani

Mwanangu, ni ndoto nzuri na nimewahi kuiota. Kwanza watalazimika kuacha viwango vyao wavae vya EAC, asilimia 20 iwe 25 na 35, na kwa nchi inayopakana na Afrika Kusini hiyo ni kupandisha bei ya vitu madukani. Pili, wao wamo kwenye mkataba wa SADC na Ulaya waliousaini 2016, wameshaanza kuwafungulia Wazungu. Wataingia na tundu lao tayari. Tatu, SADC yenyewe iliwahi kupanga kuwa umoja wa forodha ifikapo 2010. Haikuwezekana, na moja ya sababu ni sisi: nchi haiwezi kuwa ndani ya nyua mbili zenye urefu tofauti kwa wakati mmoja. Tanzania ina mguu EAC na mguu SADC. Uzio mmoja wa SADC ungetulazimisha tuchague.

Kinachowezekana karibu zaidi ni ule mkataba wa COMESA, EAC na SADC kwa pamoja, uliosainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015 na kuanza kutumika Julai 2024. Lakini nao ni vijilango.

Wala msisubiri hayo yote. Kinachomtesa Mama Ndoo kinaweza kutatuliwa na wilaya mbili zikikaa meza moja: mzigo mdogo wa wenyeji wa mpakani, orodha ya bidhaa zinazojulikana ni za hapa, fomu ya Kiswahili na Kireno. EAC wamefanya kwa mizigo ya dola 2,000. Hakuna kinachozuia kijilango kuwa na utaratibu kama huo.

---

Mama Ndoo

Nimesoma yote, nyingine mara mbili. Wiki ijayo napeleka ndoo, mabeseni na chumvi ya Lindi. Kandambili nimeziacha, nitauzia hapa Chikongola taratibu. Kaka Wakala, chumvi nayo inahitaji kiwanda kithibitishe? Inavunwa tu pale kwenye mashamba.

---

Wakala wa Shangani

Chumvi ya Lindi ndiyo rahisi kuliko zote, dada. Maji ya bahari yetu, jua letu, mikono yetu. Inahesabika imepatikana yote hapahapa nchini, hakuna hesabu ya asilimia ya malighafi ya nje. Njoo na barua ya mwenye mashamba, risiti yake, na uzito kamili kwa kilo, usiandike "viroba". Cheti cha ndoo na mabeseni kiwe mbali, cha chumvi mbali, ili kimoja kikisimama kingine kisisimame nacho. Na kabla hujalipia chochote Kariakoo, geuza beseni, soma chini.